Majamvi Juu ya Kaburi la Kondo

Jamvi la kwanza lilipolala juu ya kaburi la mumewe, Bi. Mwantumu alidhani limekuja kuhani.

Alikuwa ndani ya kibanda cha kutazamia, jicho kwenye darubini, kofia ya kioo imembana shingoni, pumzi akizivuta kidogokidogo ili kioo kisifanye ukungu. Hakutikisika. Kazi yake katika kituo kile ilikuwa hiyo tu, kutazama bila kutazamwa. Kiumbe kilikuja kikitambaa juu ya vumbi la kijivu mithili ya mkeka unaovutwa na mtu asiyeonekana. Upana wake wa mlango, unene wake wa godoro lililokwisha kulaliwa na watoto wengi, na kingoni nyuzinyuzi zilizokuwa zikichezacheza kama miyaa ya jamvi ambalo msukaji wake ameitwa jikoni kabla hajalimaliza. Ndiyo maana Maganga, dereva wa kituo, aliyaita majamvi, na jina likashika, hata Dkt. Tusekile, mkuu wa kituo, akaliingiza kwenye taarifa zake.

Jamvi lilifika kwenye tuta la kaburi. Likapapasa huku, likapapasa kule. Kisha likajitandaza lote, likatulia tuli.

"Karibu mgeni," Bi. Mwantumu alinong'ona, na machozi yakamtoka asiweze kuyafuta, maana mkono haupiti kwenye kioo. "Mwenyewe hayupo, lakini karibu."

Kondo Pazi, mumewe, alikuwa fundi wa maji wa kituo. Upepo ulimkuta nje akikaza bomba. Wenyewe waliuita msasa, kwa kuwa ulibeba chembe za mawe makali kama chupa zilizosagwa, na chochote ulichokikuta wazi ulikikwangua mpaka kikawa laini au kikawa si kitu. Ulilikwangua vazi lake begani, hewa ya Ng'ambo ikapenya. Hewa ya sayari ile haina ugomvi na mtu. Inamlaza tu, kama mama anavyomlaza mtoto, ila haimwamshi. Walimwosha, wakamkafini, na Maganga, ambaye Ijumaa huwa anaikumbuka Jumamosi, akasimama mbele akamsalia. Wakamzika siku ileile kwenye uwanda ulio mbele ya kituo. Bi. Mwantumu alibaki ndani, akatazama kupitia dirisha, kwa sababu kwao Kisarawe wanawake hawaendi kuzika.

Eda ilipokwisha akaanza kutoka kila Ijumaa. Alisoma Yasini, kisha akalimwagia kaburi maji toka kichwani hadi miguuni, kama alivyowaona wazee wa kwao. Maji ya kituo yalipimwa kwa kila mtu, tone kwa tone. Ya kumwagia kaburi aliyatoa kwenye ya udhu: yeye alitayamamu kwa vumbi la jiwe, ya udhu akamwekea mumewe. Daktari alilijua hilo. Maganga ndiye aliyembebea dumu. Nani atamkataza mjane kumwagia kaburi maji?

Basi jamvi lile la kwanza lilifuatwa na la pili, na la tatu, na mengine mengi, makubwa na madogo, hata ikawa akikaa kibandani haoni tena udongo wa kaburi. Yalilala juu yake na kulizunguka, kingo kwa kingo, kama mikeka iliyotandikwa uani siku ya matanga. Kila Ijumaa ilimbidi asimame pembeni akiyarushia maji kwa mbali, asije akayakanyaga, wala yasimguse, maana ute wao ulikula mpira wa kiatu. Nayo yalimpokea kwa kutetemeka kingoni.

"Mtani wangu Kondo!" Maganga alisema siku moja, dumu begani, akilitazama kundi. "Mzaramo hata akifa hakosi watu uani kwake. Ikipigwa ngoma hapa, mimi siondoki."

"Koma, Mnyamwezi wewe," Bi. Mwantumu alimjibu, lakini alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu msiba.

*

Mbingu ya Ng'ambo ikianza kupata rangi ya kutu, ujue msasa uko njiani. Rangi huanzia upande wa nyanda za moto, ambako jua jekundu halitui, ikapanda polepole kama doa la chai kwenye kitambaa. Msimu uliopita, ule uliomchukua Kondo, majamvi yaliondoka mapema. Bi. Mwantumu aliyaona kwa darubini yakijivuta kuelekea korongoni, yakiingia chini ya miamba moja baada ya jingine, na uwanda ukabaki mtupu muda mrefu kabla upepo haujafika.

Safari hii doa lilipanda, nayo yamelala tu.

Alilisema hilo kwa Daktari. Daktari akatoka mwenyewe na mashine yake ya kupimia unyevu, akazunguka uwanda wote kwa mbali, akarudi, akajifungia. Alipomwita Bi. Mwantumu kwenye chumba cha kulia, Maganga naye alikuwepo, anamenya viazi vya shambani mwa kituo, na hata yeye hakuwa na mzaha usoni.

"Mama, keti," Daktari alisema. Alikuwa mwanamke mrefu wa Tukuyu, mpole, mwenye tabia ya kukunja mikono yake akiwa na neno gumu. Aliikunja.

"Nimekaa vya kutosha kibandani. Sema tu, Daktari."

"Majamvi hayana macho. Hilo unalijua kuliko mimi. Tumbo lao ndilo jicho. Yanaonja ardhi, yanakwenda penye unyevu. Kiangazi kikikaza, unyevu wa uwanda huu hunywea kuelekea korongoni, kama dimbwi linavyonywea kuelekea katikati. Nayo hufuata nyuma yake, leo kidogo, kesho kidogo. Upepo ukifika, yamekwisha kuwa chini ya miamba. Hayajui kama kuna upepo. Hayana haja ya kujua. Unyevu ndio unaoyapeleka."

"Na msimu huu?"

Daktari aliitazama mikono yake. "Msimu huu pana mahali ambapo unyevu haukunywea."

Bi. Mwantumu hakuuliza ni wapi. Alikaa ile iliyoitwa kukaa, kwenye benchi, kama mzigo uliotuliwa.

"Nitaacha kumwagia," alisema. "Kuanzia leo. Hata tone."

"Udongo uliowahi kuchimbwa hushika maji, mama. Yameshuka mpaka chini. Yamekaa kwenye mwanandani, pale ubavuni alipolazwa, chini ya mbao. Jua halifiki huko. Nimepima. Yatakuwepo hata baada ya upepo kupita."

"Sasa, Daktari," Maganga aliingilia, kisu mkononi, "si tuyamwagie njia? Tunafunga tangi kwenye gari, tunadondosha maji toka hapa mpaka korongoni. Yatafuata kama kuku na mtama."

"Yatanywa, kisha yatarudi. Nyuma yao pana maji mengi kuliko mbele. Kurudi ndiyo akili yao yote."

Kiazi kilimponyoka Maganga kikabingirika mpaka ukutani, hakuna aliyekifuata.

"Mnataka kulifukua kaburi la mume wangu," Bi. Mwantumu alisema.

"Sijasema hivyo, mama."

"Hujasema. Lakini hicho ulichokinyamazia nimekisikia."

"Sitakuamuru," Daktari alisema, na sauti yake ilikuwa na dhiki. "Wala sheria hainiruhusu kukuamuru. Unaijua, imeandikwa mlangoni: tazama, usiguse. Tukitoka leo kuyaokoa, tumewagusa viumbe ambao si wetu, kwenye nyumba ambayo si yetu. Kesho tutaona jambo jingine la kurekebisha, na keshokutwa jingine. Sayari nyingi zimeharibiwa hivyo, na watu wenye huruma."

"Tumeshayagusa, Daktari," Maganga alisema taratibu. "Tumeyanywesha msimu mzima. Mimi nimebeba dumu."

"Kuna kundi jingine mahali?" Bi. Mwantumu aliuliza.

"Tumezunguka tulikoweza. Hatukuliona."

*

Alirudi kibandani, maana ndiko alikojua kufikiri.

Aliyatazama. Kulikuwa na kidogo kimoja, ukubwa wa mkeka wa kuswalia wa mtoto, ambacho mara zote kililala upande wa kichwa cha kaburi, kikiwa kimejipenyeza chini ya ukingo wa kubwa. Siku hizi nyuzi zake zilikuwa zimefifia, hazichezi. Kilikuwa na maji tele tumboni na bado kilinyauka, kwa kuwa pale uwandani hapakuwa na ukungu wa kijani unaoota kwenye miamba, ambao ndio chakula chao. Walikuwa wanakunywa bila kula, kama wageni waliozoeshwa chai tupu.

"Dunia yote hii ni yenu," aliwaambia kwa hasira. "Milima yenu, mabonde yenu. Mmekosa pa kulala ila juu ya Kondo?"

Hasira haikukaa. Alijua aliyewaita.

Alikuwa amejisifu moyoni, huo ndio ukweli. Kila Ijumaa alipoyaona yakitetemeka, alijiambia: angalia, hata viumbe wasio na ndimi wanamjua mtu mwema. Alihesabu maji yale kuwa sadaka mbili kwa mpigo, moja ya maiti na moja ya wanyama, kwani tangu utotoni alifunzwa kuwa kumnywesha mwenye kiu ni ibada hata akiwa paka wa jalalani. Hakuwahi kufunzwa kuwa mtu anaweza kunywesha mpaka akaua.

Angemuuliza sheikh. Lakini swali likitoka Ng'ambo lingefika Kisarawe upepo ukiwa umeshapita na kusahauliwa, na jibu lingemkuta yeye mwenyewe pengine hayupo. Alikumbuka tu darasa la maalim wao, chini ya bati la msikiti wa mtaani, akisema kuwa kaburi lina heshima yake, halifunguliwi ila kwa dharura. Dharura ya nani? Maalim hakusema. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza habari za majamvi.

Na palikuwa na njia nyepesi. Hiyo aliiona vizuri. Angekaa kimya. Msasa ungekuja, ungeyasaga yote, ungepita. Kondo angebaki amelala alipolazwa, na yeye angetoka Ijumaa na dumu lake. Daktari asingemlaumu. Sheria yenyewe ingesimama upande wake. Hilo ndilo lililomtisha: kwamba angeweza kufanya ubaya wote ule na asiwepo mtu wa kumwambia amekosa.

Kondo angesemaje? Alijaribu kumsikia, akasikia kuku. Zamani, walipokuwa wapya katika ndoa, kuku mmoja mwekundu aliingia kwenye sanduku la spana la Kondo, akataga, akaatamia. Bi. Mwantumu alitaka kumhamishia kapuni. Kondo akakataa katakata. Akaenda kuazima spana kwa jirani, siku nenda siku rudi, fundi mzima anagonga milango ya watu, wanamcheka, mpaka vifaranga vilipotoka. "Yule kalala kwa nia," alisema. "Mimi nimeweka vyuma tu."

Bi. Mwantumu aliicheka kumbukumbu ile, kisha akalia, kisha akaongea kwenye redio ya kofia.

"Maganga."

"Naam, Bi. Mkubwa."

"Mabeleshi yako wapi?"

*

Walitoka asubuhi kwa saa ya kituo, mbingu imeshakuwa nyekundu nusu nzima. Daktari hakuwazuia. Alipofika mlangoni akasimama mbele ya yale maandishi, akayatazama, kisha akapanda gari la minyororo lililofungwa tangi nyuma, akaliwasha.

"Nikiulizwa," alisema redioni, "nitasema gari nililiendesha mimi."

Alimwaga maji kidogo upande wa korongo. Majamvi yakasikia kwa matumbo. Moja likainua ukingo, likateremka kwenye tuta, mengine yakafuata, polepole, kama watu wanaoondoka kwenye hitima wakiwa bado wana mazungumzo. Tuta likaonekana. Udongo ulikuwa mweusi kwa maji.

"Yatarudi upesi," Daktari alisema. "Fanyeni haraka."

Bi. Mwantumu alishika beleshi. Mikono yake ilikataa. Alisimama miguuni mwa kaburi la mumewe na beleshi lake.

Maganga aliliona. Akaja, akalala chali juu ya tuta, mzima mzima, na vazi lake na kofia yake, akakunja mguu mmoja juu ya mwingine.

"Hapachimbwi mtu hapa!" alipiga kelele. "Mimi ndiye mtani wa marehemu. Kiingilio changu kiko wapi? Wazaramo nawajua, mnataka kupita bure bure! Nipeni kuku, nipeni kanga ya mjane, ndiyo niondoke."

"Maganga, inuka, jamani!" Daktari alisema kwa mshangao, maana kwao hakuna mambo hayo.

Lakini Bi. Mwantumu alikuwa anatikisika kwa kicheko kilichochanganyika na kwikwi. Kwao Kisarawe, mtani ndiye anayeruhusiwa. Ndugu akilemewa na msiba, mtani hulala kaburini, huiga sauti ya maiti, humkejeli mpaka wafiwa wapate pumzi. Mambo ambayo mke hawezi na ndugu hathubutu, mtani huyafanya, na hakuna anayemshika ulimi.

"Sina kuku," alisema. "Nina viazi. Inuka, Mnyamwezi, usinitie aibu mbele ya wageni."

"Viazi!" Maganga aliinuka akijipangusa. "Haya. Lakini kumsumbua Kondo ni kazi yangu mimi, siyo yako. Wewe simama hapo kichwani umsomee. Nami nitamchokoza." Akaushika mpini. "Mtani! Amka, unahamishwa. Umejaza wageni wasiolipa, mwenye nyumba kakasirika."

Akachimba. Alichimba akimtukana Kondo kwa matusi yote ya utani wao: uvivu wake, kukoroma kwake, ile siku alipofunga bomba la moto mahali pa bomba la baridi akamchemsha Daktari bafuni. Bi. Mwantumu alisoma, mdomo ukienda wenyewe, sauti ya Maganga ikipita juu ya sauti yake, na zote mbili zikawa kama kamba moja iliyosukwa. Jamvi moja lilirudi likamgusa Maganga kisiginoni; mpira ukatoa moshi mwembamba. Alihama upande, akaendelea.

Mbao zilionekana. Aliziinua. Akasogea pembeni, Bi. Mwantumu aone.

Sanda ilikuwa imelowa. Yale maji yote ya Ijumaa zote yalikuwa pale, yametulia chini ya mbao, na Kondo amelala ndani yake.

"Subhanallah," Bi. Mwantumu alisema. "Nilikulaza majini, mume wangu. Nilidhani nakuburudisha."

Hakuifunua sanda. Aliteremka shimoni kwa miguu yake mwenyewe, yeye aliyezikiwa mume kupitia dirishani, akamzungushia shuka jipya juu ya lile la zamani, na turubai juu ya shuka ili tone lisidondoke njiani. Wakamtoa pamoja. Alikuwa mwepesi kuliko alivyomjua.

"Mbao ziacheni zikauke," Daktari alisema. "Shimo liacheni wazi. Jua lifanye kazi yake."

Wakamlaza kwenye machela, Maganga akashika mbele, yeye nyuma. Walielekea Kipara, kile kilima cha mwamba mtupu upande wa pili wa kituo, ambako hakuna udongo, hakuna unyevu, hakuna kiumbe kinachopita. Ni mwendo mrefu kwa mtu aliyevaa vazi la nje. Katikati ya njia Maganga alianza kuhema.

"Babu zangu walibeba pembe za ndovu toka Tabora mpaka pwani," alisema. "Leo mimi nabeba Mzaramo kwenye nyota. Ukoo haujasonga mbele hata kidogo."

"Pembe zilikuwa na faida," Bi. Mwantumu alisema.

"Ndiyo nasema! Pembe tungeuza."

Huko juu walipata ufa katika mwamba, wenye urefu wa mtu. Daktari, kupitia redio, aliwaelekeza upande ambako, nyuma ya mwanga wa mchana, jua la nyumbani lilikuwa nukta. Wakamlaza kwa ubavu wa kuume, uso wake huko, ndiko kibla. Wakapanga mawe. Mawe ya Kipara ni mazito na makavu, yakigongana hulia kama vigae. Bi. Mwantumu aliliweka la mwisho. Alijua asingekuja hapa kila Ijumaa. Miguu yake isingeweza, na hata ingeweza, hakuwa na cha kuleta. Kaburi hili lisingepata tone mpaka Siku ya Kiyama.

Alitaka kusema neno refu. Akasema, "Haya, Kondo. Nimekuacha pakavu."

*

Jua la Ng'ambo halina huruma na udongo uliofunuliwa. Waliporudi, kuta za shimo zilikuwa zimeshabadilika rangi, nyeusi kuwa ya majivu, na majamvi yalikuwa yakipapasa huku na huko kama watu wazima waliosahau nyumba. Daktari aliyatangulia na tangi, akidondosha maji kwa uchache, mstari mwembamba wa kuelekea korongoni. Kubwa moja lilirudi shimoni, likaonja, likatoka. Likaonja mstari. Likasimama pale kitambo.

Kisha likaenda.

Mengine yakalifuata. Uwanda mzima ukasogea, jamvi nyuma ya jamvi, mpaka vumbi likafutika kwa kupanguswa nayo. Upande wa nyanda za moto, doa la kutu lilikuwa limepata ukingo mweusi, na ukingo ule ulikuwa unatembea.

"Ndani!" Daktari aliita akirudi na gari. "Wote ndani sasa hivi. Yaliyobaki ni yao."

Bi. Mwantumu alikuwa ameshageuka, ndipo mazoea ya kazi yakamfanya atazame nyuma. Kule shimoni kitu kilitingishika. Ni kile kidogo. Kilikuwa chini kabisa, kimejibana juu ya ubao mmoja wa mwanandani uliokuwa bado na unyevu tumboni mwake, kimeushika kwa nyuzi zake zote, kinanyonya kilichobaki.

"Mama," Daktari alisema, naye amekiona. "Mmoja. Kundi limeondoka. Mmoja tu, mama."

"Kondo naye alikuwa mmoja."

Aliteremka. Aliushika ubao kwenye ncha zake mbili, akauinua na kiumbe chake juu, kama mtu anayebeba sinia. Nyuzi mbili zilimfikia kwenye glavu. Alisikia joto, akaona moshi, hakuutupa. Maganga alikuwa ameshamnyang'anya Daktari usukani.

"Panda, Bi. Mkubwa, panda! Usiongee na mimi, wala usiniombee, panda tu!"

Walikimbizana na ukingo ule mweusi uwanda mzima. Mdomo wa korongo ni mwembamba, gari haliingii. Bi. Mwantumu alishuka peke yake, ubao mikononi, akateremka kwa miguu kati ya kuta mbili za mwamba, mpaka mahali ambapo hewa ilitulia na mawe yalikuwa na jasho. Ukungu wa kijani ulikuwa umetanda kila mahali. Chini ya ukuta, majamvi yalikuwa yamejikunja, yamepangana kama mikeka iliyorudishwa stoo baada ya shughuli. Hapa hakuwahi kufika. Hapa palikuwa pao.

Aliuweka ubao chini, akaufikisha mpaka ukagusa jiwe lenye jasho. Akaondoa mikono. Glavu ya kushoto ilikuwa imeliwa mpaka kwenye kitambaa cha ndani. Aliibana kwa mkono wa kulia, akangoja.

Kile kidogo kilikaa kimya. Kisha unyuzi mmoja ukaachia ubao, ukagusa jiwe. Mwingine. Kikajivuta chote, kikavuka, kikapita kando ya kiatu chake bila kukigusa, kikajipenyeza chini ya kubwa, kikapotea. Hakikurudi. Hakikutetemeka. Hakikumjua, wala hakikuwahi kumjua, na hilo halikumuuma kama alivyotarajia.

Juu ya korongo upepo ulianza, sauti kama ya maelfu ya watu wanaopiga msasa ubao mmoja.

"Bi. Mkubwa!" Redio ilikwaruza. "Upo?"

"Nipo."

"Na nani?"

Alitazama ubao uliobaki mtupu, na mwamba, na giza lililowameza wenyeji wake.

"Peke yangu, mtani," alisema. "Sogeza gari, nakuja."